Kabla Duka Halijafunguliwa

Shule ya Msingi,
Tura.
14 Januari 2023

Mzee Fazal,

Shikamoo.

Hunijui. Naitwa Prisila Nduwimana, nafundisha darasa la nne hapa Tura. Anwani yako nimeitoa nyuma ya kitabu chako cha wapagazi, ambacho kimo kwenye sanduku la vitabu vya shule yetu. Mchwa wamekila pembeni lakini maneno yote yamo. Pale msafara unapofika hapa kwetu, wapagazi wanatua mizigo wakiwa hoi, halafu badala ya kulala wanaanza kugombania nani apike, nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwalimu mkuu akauliza kuna nini.

Nakuandikia kukushukuru kwa kitabu hicho, na kukuuliza jambo.

Mama yangu anaitwa Esperansi. Alizaliwa Burundi. Mwaka sabini na mbili, akiwa mtoto, alitembea na wazazi wake mpaka wakaingia Tanzania, wakaletwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Ndiko nilikozaliwa na ndiko anakoishi mpaka leo. Habari za safari ile hasimulii. Ukimwuliza anajibu, "Tulitembea, tukafika," kisha anatafuta kazi ya kufanya. Nimeokota vipande kwa wajomba na kwa wazee wa parokia, na ninataka kuviandika viwe kitabu. Daktari amesema moyo wake umepanuka. Ninataka nimsomee akiwa bado anasikia.

Shida yangu ni kwamba nimeanza mara nyingi. Jumamosi moja naandika kurasa mpaka mkono unauma, najiona mwandishi. Halafu wiki zinapita sijagusa kalamu, na nikirudi yale niliyoandika naona kama ya mtu mwingine, tena mtu asiyejua kuandika. Wewe una duka na una familia, na bado umeandika vitabu. Siku yako huwa inakwendaje?

Samahani kwa kukusumbua.

Wako mwenye heshima,
Prisila Nduwimana

*

Kanyenye,
Tabora.
2 Februari 2023

Mwalimu Prisila,

Marahaba, mwanangu. Umeniandikia kwa mkono nami nakujibu kwa mkono. Simu ninayo, lakini humo watu hunitumia picha za maua na dua kutwa kucha, sitaki maneno yako yapotelee huko. Ukinijibu, mpe Amon anayeleta kuku sokoni. Anashuka kwenye treni ya kutoka kwenu na duka langu analijua.

Unauliza siku yangu inakwendaje. Haina maajabu. Nikitoka kuswali alfajiri siendi kulala tena. Hushuka dukani, mlango wa mbele nauacha umefungwa, nafungua dirisha dogo la uani. Huketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, maana ni pana na haina droo. Droo ni adui, utafungua kutafuta kitu na asubuhi imekwisha. Kahawa moja. Redio haiwashwi, habari za dunia zitanisubiri. Kwanza husoma kwa sauti aya ya mwisho ya jana. Sikio hujua kosa kabla ya jicho. Halafu huendelea.

Mke wangu Najiat huketi upande wa pili wa meza, akishona vifungo. Simsemeshi, hanisemeshi. Nikikwama humtazama mikono yake, namna anavyotia uzi kwenye sindano bila haraka, kisha narudi kwenye karatasi. Mteja wa kwanza akibisha, naacha. Naacha hata kama sentensi iko nusu. Na hapo ndipo penye siri, mwalimu: usiandike mpaka ukauke. Acha ukiwa bado unajua kinachofuata, kesho utaamka una pa kushika.

Basi. Si ukurasa mwingi. Lakini ni kila siku, mahali pamoja, wakati mmoja, mpaka mwili wenyewe ukuite kama unavyokuita kwa njaa.

Usiandike kitabu kizima. Andika asubuhi moja. Msalimie sana mama yako.

Fazal

*

Tura.
11 Machi 2023

Mzee wangu Fazal,

Shikamoo, na ahsante. Barua yako imekunjuliwa na kukunjwa mpaka inataka kukatika.

Nilianza kesho yake ile ile, na nilishindwa kesho yake ile ile. Alfajiri yangu si kama yako. Kuna maji ya kuteka, kuna watoto wawili wa kuwavisha, na Samweli mume wangu yuko kwenye kikosi cha kutengeneza reli, huondoka mapema. Nyumbani hakuna meza isiyo na sufuria. Niliketi kitandani, nikasinzia na kalamu mkononi.

Wiki ya tatu nikafikiri: mzee hakuniambia meza, aliniambia mahali pamoja. Sasa huwahi shule kabla ya kengele, nakaa dawati la nyuma kabisa, karibu na ukuta tulikobandika herufi. Tatizo likawa uji wa watoto. Nilimweleza Samweli nikiwa na wasiwasi. Alinitazama, akauliza, "Unamwandikia nani?"

"Mama."

Kesho yake niliamka nikamkuta jikoni anakoroga. Uji wake una mabonge, watoto wanalalamika, lakini mimi siusemi vibaya hata kidogo.

Naandika mistari mitano. Siku nzuri, kumi. Naona aibu kukutajia. Na siku nyingine haliji neno, naangalia ukuta, naona a, e, i, o, u, basi. Siku kama hizo wewe hufanyaje?

Nisalimie Bi Najiat. Mwambie huwa nawaza mikono yake.

Mwanao,
Prisila

*

Kanyenye.
30 Machi 2023

Mwalimu,

Mistari mitano ni mitano. Jana haikuwepo duniani.

Swali lako la siku kavu limenikalisha. Jibu langu ni hili: siku hiyo andika unachokiona. Leo asubuhi sikuwa na kitu. Nimeandika jora la kitenge cha kijani lililochafuka vumbi, mkasi, pete ya kidole gumba iliyonibana. Nilipofika kwenye pete likaja jambo jingine, nikaandika mpaka mlango ukabishwa. Lingekuja ningekuwa nimelala? Lisingekuja.

La pili: usiwasimulie watu kabla hujaandika. Ukishalisimulia, moyo unadhani kazi imekwisha.

Mpe Samweli mkono wangu. Mume anayekoroga uji ni msaada mkubwa kuliko ushauri wangu wote.

Salamu zako kwa Najiat nimezipeleka Ijumaa. Siku hizi si msemaji, lakini nimezipeleka.

Fazal

*

Hospitali, wodi ya wanawake.
19 Juni 2023

Mzee Fazal,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye kipande cha daftari la mwanangu, nisamehe.

Nilikuwa nimefika mbali. Msafara wa mama ulikuwa umeshavuka mpaka, babu yangu Leonadi akiwa mbele, bibi nyuma, mama katikati. Nilikuwa nimezoea lile dawati kiasi kwamba Jumapili miguu ilitaka kwenda shule. Halafu mjomba akapiga simu: mama amevimba miguu, hawezi kupumua akilala. Nimekuja mbio. Tuko hapa tangu shule zifungwe. Analala ameketi, ameegemea mito, mimi nimekaa sakafuni kwenye mkeka.

Nilikuja na karatasi zangu. Siku ya kwanza nilijaribu, nikaona ni kama kumwibia. Mtu anatafuta pumzi, mimi natafuta neno! Nimezifunga kwenye kanga, sijazifungua tena. Nimeacha, mzee. Si kwamba nimepumzika, nimeacha. Nilitaka ulisikie kwangu, kwa sababu umenipa asubuhi zako na mimi sikuzitunza.

Msalimie Bi Najiat. Niombeeni.

Prisila

*

Kanyenye.
1 Julai 2023

Prisila mwanangu,

Pole. Pole sana. Tunawaombea mama na wewe.

Hujaniibia kitu. Asubuhi si maziwa, kwamba zikipitwa zitaganda. Mgonjwa kwanza. Mkande miguu, mpe dawa kwa wakati, mwekee mito vizuri. Hiyo nayo ni kazi ya kila siku, ya mahali pamoja, na mwili wako umeshafundishwa namna ya kurudi kwenye kazi hata usipoitaka.

Namjua mtu aliyeacha kabisa. Si wiki, miaka. Hata hesabu za biashara yake alikuwa anamwachia bintiye. Alikuwa na sababu nzuri, kama yako. Alidhani mazoea yakikatika ndiyo yamekufa. Leo amerudi mezani. Anaandika polepole, kama anayejifunza, lakini anaandika. Habari zake nitakueleza siku nyingine.

Kwa hiyo neno "nimeacha" nimelisoma, nimelielewa, sijalikubali.

Fazal

*

Tura.
2 Septemba 2023

Mzee Fazal,

Shikamoo.

Mama ametoka hospitali. Anakunywa dawa, miguu imepungua, na anatembea kwenda kwa jirani na kurudi. Mungu mkubwa.

Wiki iliyopita tulipewa siku ya kumleta Tabora kupimwa moyo. Tulipomaliza nikamwambia, "Mama, twende nikakuonyeshe kwa mwalimu wangu." Tukashuka Kanyenye tukiuliza. Nilikuwa na furaha kama mtoto. Tukakuta umekwenda Ipole harusini, yuko binti yako Shahida, anapima kitenge.

"Karibuni. Wewe si ndiye mwalimu wa Tura?" akasema kabla sijajitambulisha. Amon alishamwambia nina mwanya.

Nikamwambia nimekuja kumwamkia mzee, na kama Bi Najiat yupo juu, ningeomba kumsalimia yeye pia.

Shahida akaweka mkasi chini. "Mama?"

"Ndiyo. Mzee ananipelekea salamu zangu kila mara."

"Mama amefariki," akasema. Hakusema kwa ukali. "Huu mwaka wa nne."

Nilisema tu kwamba umeniandikia huwa anashona vifungo. Shahida akatabasamu, macho yamejaa. "Alikuwa akishona. Na salamu zako baba anazipeleka kweli. Kila Ijumaa anakwenda makaburini, anasimama pale anazungumza."

Halafu akanieleza mengine. Kwamba tangu mlipomzika mama yake hukuandika neno. Kwamba barua yangu ya kwanza ilipofika ulishinda nayo, hukumpimia mteja hata kipande. Ukajibu. Na siku uliyoituma, kesho yake alfajiri yeye akashuka, akakukuta umekaa kwenye meza na kahawa, dirisha la uani liko wazi. Akashtuka, akauliza, "Baba, unaumwa?" Ukamjibu, "Kuna mwalimu nimemwambia kwamba huamka saa hizi."

Mama yangu alikuwa amesimama, amechoka. Shahida akatazama huku na huku, kiti kilikuwa kimoja tu, kile cha upande wa pili wa meza. Alisita. Kisha akakivuta, akakipangusa kwa kanga yake, akamwambia, "Keti, mama." Mama akaketi, hajui chochote, akaomba maji.

Mzee, nilirudi kwenye treni nikilia. Sijakasirika, usije ukafikiri hivyo. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nakuchukulia asubuhi zako. Sikujua kwamba na wewe ulikuwa unaamka na mimi.

Jumatatu nimerudi kwenye dawati. Nimefungua ile kanga.

Ahsante. Sina neno jingine.

Prisila

*

Kanyenye.
15 Septemba 2023

Prisila,

Sasa umejua yule mtu ni nani.

Sikukusudia kukudanganya. Nilianza kukueleza nilivyokuwa nikifanya, na lugha yetu ina hii "hu" ambayo haikuulizi ni lini. Nikaandika Najiat huketi, huyo ameketi. Nikaona raha ambayo sikuwa nimeionja tangu aondoke, nikashindwa kumwinua. Nilipoifunga bahasha ndipo nilipoona haya. Nimemwambia mtoto wa watu naamka, nami nalala mpaka jua linaingia dukani. Nikasema, basi angalau nusu yake niifanye iwe kweli. Hiyo nyingine haiwezekani tena, lakini nusu hii iko ndani ya uwezo wangu.

Mwanzoni nilikuwa nakaa tu. Ulipouliza juu ya siku kavu ndipo nikaandika lile jora la kijani. Huo ndio uliokuwa mstari wangu wa kwanza, mwalimu. Nilikujibu kama mjuzi, na wino ulikuwa haujakauka.

Shahida ameniambia mama yako alikikalia kile kiti. Nilitegemea moyo utaniuma. Haukuuma. Nimemwambia asikirudishe ukutani, akiache palepale.

Mimi ndiye wa kushukuru. Endelea.

Fazal

*

Ulyankulu.
20 Desemba 2023

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimemaliza, na sijamaliza. Ngoja nikueleze.

Shule zilipofungwa nilikuja kwa mama na rundo lote. Nilimwomba tukae uani asubuhi, kabla wajukuu hawajaamka. Nikamsomea Kiswahili, pale penye uzito namtilia Kirundi. Alifumba macho. Nyumba yao ya kule, shamba la kahawa, kuondoka kwa ghafla, yote aliyasikiliza bila kutikisika. Nikafika njiani. Nilikuwa nimeandika yule msichana anatembea analia, usiku na mchana analia, machozi yanachanganyika na vumbi. Nakiri kwako, ndizo kurasa nilizozipenda kuliko zote.

Mama akafumbua macho.

"Huyu mtoto analia nini?"

"Ni wewe, mama. Mnakimbia."

"Mimi sikulia."

Nikamwambia labda amesahau, alikuwa mdogo. Akatikisa kichwa. Halafu akaanza kusema, mzee, mama yangu ambaye maisha yake yote alisema tulitembea, tukafika.

Alisema baba yake, babu Leonadi, alikuwa akifanya kazi mbali, kwenye kiwanda cha kahawa. Nyumbani alikuwa mgeni, anakuja siku mbili, analala, anaondoka. Mama alikuwa hamjui vizuri hata sauti yake. "Kisha tukakimbia," akasema, "na baba akawa wetu kutwa. Alinibeba mabegani. Alinionyesha ndege, kila mmoja na jina lake. Nikichoka ananiimbia, nikiamka yupo. Watu wanakufa, nyumba zinawaka nyuma yetu, bibi yako analia, na mimi niko juu ya mabega ya baba yangu, nimejaa furaha. Nilikuwa naomba tusifike."

Akajifuta mdomo kwa kanga.

"Tulifika. Mvua za kwanza hapa zikamchukua kwa homa. Sasa ningemwambia nani, Prisila? Wenzangu wote wanasimulia vilio. Mimi ningesema zile ndizo siku nzuri kuliko zote nilizopata? Nilidhani nina moyo mbaya."

Nilimkumbatia. Ni mwepesi sana siku hizi. Baadaye nikamwuliza kama niendelee kusoma.

"Futa machozi ya huyo mtoto kwanza," akasema.

Basi ninafuta. Sura nzima imekwenda, na zile kurasa nilizozipenda zimekwenda nazo, na sioni uchungu. Kila asubuhi tunakaa uani, yeye anasimulia, mimi naandika. Nikichelewa kutoka anagonga bakuli. Jana alinitajia majina ya ndege yote aliyofundishwa, kwa Kirundi, hakukosa hata moja. Tulipomaliza akashika mkono wangu ulioshika kalamu akasema, "Urakoze." Ni ahsante ya kwetu. Nikamwambia ahsante hiyo si yangu peke yangu, ipo ya mzee mmoja wa Kanyenye. Akasema nikutumie. Ndiyo hii.

Mwanao,
Prisila

*

Kanyenye.
8 Januari 2024

Prisila mwanangu,

Nimeipokea ahsante ya mama yako kwa mikono miwili. Mwambie amenifundisha kitu ambacho katika vitabu vyangu vyote sikukijua.

Tangu Septemba nimekuwa nikijaribu kuandika sura ya Najiat. Kila nilipoianza ilianzia msibani: sanda, majirani, viti vya kukodi. Naandika aya mbili, naacha. Nilidhani hapo ndipo mlango wake ulipo, maana mtu aliyefariki nitamwingia kwa wapi pengine?

Nilipomaliza barua yako niliiweka pembeni, nikachukua karatasi safi, na nikamwanzia siku tofauti kabisa. Tulikuwa tumeoana karibuni. Nilikuwa nimeandika hadithi yangu ya kwanza, ya mpagazi anayekufa njiani mikononi mwa mchumba wake, na niliiona ni hadithi ya kuliza mji mzima. Nikamsomea hapa hapa dukani, nimesimama, mkono mmoja kifuani. Mpagazi akaanza kuaga dunia. Akamuaga mama yake, akaaga kijiji chake, akaaga milima, akausia juu ya mbuzi wake. Nikasikia kishindo kidogo. Nikainua macho nikijua nitamkuta analia.

Najiat alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge kizima, mabega yanatikisika. "Fazal," akasema, "huyu maiti ana pumzi kuliko mimi!" Akacheka mpaka akakaa chini kati ya majora, na mimi nikakasirika, kisha nikatazama ile karatasi, nikaona kweli, mgonjwa ana usia wa kurasa tatu. Nikakaa chini pale pale kando yake, tukacheka wote wawili, na mteja nje anabisha, anabisha, hakuna wa kumfungulia.

Nimeandika kicheko hicho tangu juzi. Leo asubuhi kimejaza ukurasa wa nne, na bado anacheka.

Fazal